Vitabu 2,000 vya Alice Vilivyokataliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mwaka 1865

Tarehe 20 Julai 1865, Charles Lutwidge Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Christ Church, Oxford, alimwendea mchapishaji wake Alexander Macmillan akiwa na barua ya John Tenniel, mchoraji wa kitabu chake cha kwanza cha watoto. Katika shajara yake aliandika kwamba Tenniel hakuridhika hata kidogo na jinsi picha zilivyopigwa chapa, na kwamba yaelekea kazi yote itabidi irudiwe.

Kitabu chenyewe ni Alice's Adventures in Wonderland, na Dodgson ndiye yule ambaye dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll. Barua ilipofika, karatasi za nakala 2,000 zilikuwa zimeshatoka mashinani huko Oxford. Nakala kama hamsini zilikuwa zimetengwa ili agawe zawadi, na baadhi zilikuwa zimeshafika kwa wenyewe. Alice Liddell, mtoto aliyesimuliwa hadithi hii kwa mara ya kwanza ndani ya mashua, alipata yake tarehe 4 Julai, miaka mitatu kamili tangu matembezi yale ya mtoni. Mchoraji akaja na lake zilipokuwa zimepita wiki mbili na zaidi kidogo, baada ya watu kushukuru na kusifu.

Wapenzi wa hadithi za kiajabu za watoto za Uingereza ya Malkia Victoria hukitaja kisa hiki kwa sentensi moja kisha wakapita, kana kwamba ni kituko cha mwandishi asiyeridhika na kitu. Mimi naona kinastahili kukaliwa chini. Ndani yake kuna swali ambalo kila anayeandika, kuchora au kuchapisha vitabu vya watoto hukutana nalo: je, picha ni pambo la hadithi, au ni sehemu ya hadithi yenyewe? Dodgson alilijibu kwa fedha kutoka mfukoni mwake.

Na kweli zilikuwa zake. Mambo mengi katika kisa hiki hayaeleweki mpaka uujue mkataba. Tumezoea kwamba mchapishaji ndiye anayetia mtaji, mwandishi akangoja mrabaha. Kati ya Macmillan na Dodgson mambo yalikuwa kinyume. Dodgson alibeba gharama zote: mchoraji, wachongaji, uchapaji, jalada, hata matangazo. Macmillan alisambaza na kuuza, akachukua asilimia kumi ya mauzo kama kamisheni. Hasara ikitokea ni ya mwandishi, faida ikija sehemu kubwa ni yake. Mkataba wa namna hiyo ungeweza kumfilisi mtu, lakini ulimpa kitu ambacho waandishi wachache walikuwa nacho, yaani neno la mwisho juu ya kila ukurasa. Macmillan angekuwa ndiye mwenye mtaji, sidhani kama barua ya mchoraji peke yake ingetosha kusimamisha kitabu kilichokwisha kupigwa chapa.

Tenniel wakati huo alikuwa jina kubwa London. Alikuwa mchoraji wa katuni za kisiasa wa gazeti la Punch, akifanya kazi kwa jicho moja zima, kwani lile jingine liliumizwa ujanani alipokuwa akicheza mchezo wa upanga na baba yake. Alizoea kuchora kwa kumbukumbu bila kumweka mtu mbele yake. Alikubali kazi ya Alice mwezi Aprili 1864, na kwa picha 42 alilipwa pauni 138. Kabla ya hapo Dodgson alikuwa amejaribu kuchora mwenyewe. Mswada wa mkono aliompa Alice Novemba 1864, uliokuwa na jina la Alice's Adventures under Ground, una michoro yake 37. Michoro hiyo ina mvuto wake, na baadhi inatisha kwa namna ambayo Tenniel hakuifikia, hasa pale Alice anapokuwa mkubwa mpaka anajikunja ndani ya chumba. Lakini Dodgson aliijua mipaka ya mkono wake. Mtu aliyekwenda kumtafuta bingwa kwa sababu hiyo hawezi tena kuziba masikio bingwa anaposema kazi imeharibika.

Ili kuelewa kilichoharibika, tuifuate picha moja kutoka kwenye penseli mpaka kwenye ukurasa.

Tenniel alichora kwa penseli, na mchoro ukahamishiwa juu ya kibao kidogo cha mti mgumu, kilichokatwa kwa kukingama na nyuzi za mti ili uso wake uwe laini na usipasuke chini ya patasi. Picha huwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Hapo kazi ikaenda kwa Dalziel Brothers, karakana mashuhuri ya uchongaji London. Mchongaji huondoa kila pasipo na mstari, na mstari hubaki umeinuka, mwingine mwembamba kama unywele. Kivuli ni mistari mingi iliyokaribiana au kukingamana, na nafasi ndogo nyeupe kati yake ndizo zinazomfanya msomaji aone kitambaa, manyoya au maji. Dalziel walilipwa pauni 142, zaidi ya mchoraji mwenyewe, na ukizitazama zile nafasi nyeupe hutawaonea choyo.

Vibao havikupelekwa mashinani. Kila kimoja kilitengenezewa bamba la shaba kwa njia ya umeme: kibao hubanwa kwenye nta, nta hupakwa unga wa grafaiti ili ipitishe umeme, kisha hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya shaba mpaka gamba jembamba la shaba linashika umbo lote. Gamba hutiwa risasi nyuma likawa imara, na bamba hilo ndilo linalopangwa pamoja na herufi. Ndiyo maana vibao vyenyewe vilisalimika. Mwaka 1985 vilikutwa katika hifadhi ya benki moja London, bado vikiwa vizuri.

Sasa kuna ukurasa mmoja wenye herufi na picha pamoja, na hapa ndipo mpiga chapa anapopimwa. Herufi zinataka mkandamizo wa namna moja. Picha inataka zaidi ya namna moja: sehemu ya giza ishindiliwe, mstari hafifu uguswe tu. Mpiga chapa hodari hukata vipande vya karatasi nyembamba na kuvibandika nyuma ya shiti kwenye sehemu ya kukandamizia, hapa viwili, pale kimoja, kwingine hakuna, mpaka picha ianze kupumua. Ni kazi ya macho na saa nyingi. Wino ukizidi, mistari ya kivuli hushikana ikawa doa. Ukipungua, mstari wa shavu la mtoto hukatika katikati. Karatasi ikishindiliwa kupita kiasi, maneno ya upande wa pili hupenya na kuonekana nyuma ya picha.

Kuhusu kasoro hasa ya chapa ya Oxford, waliozikagua nakala zilizobaki hawajakubaliana. Kuna wanaoona wino usio sawa na maneno ya nyuma yaliyopenya, na kuna wanaosema kazi ilikuwa ya kawaida tu kwa viwango vya siku zile. Kwangu mimi mabishano hayo ni ushahidi. Yanaonyesha kwamba ubaya wenyewe haukuwa wa kumshtua kila mtu. Dodgson alikuwa mpiga picha hodari wa kamera tangu 1856, mtu wa mwanga na kivuli, naye alizipokea nakala akazigawa. Macmillan, ambaye vitabu ndiyo riziki yake, alizipokea pia. Aliyekataa ni mmoja tu, yule aliyeujua kila mstari tangu ulipokuwa penseli na aliyejua picha ilivyopaswa kutoka. Watu wawili wenye elimu walitazama kitabu wakaona kitabu, wa tatu akatazama akaona kilichopotea.

Kiwanda cha Oxford hakikuwa kibovu. Clarendon Press, chini ya Thomas Combe ambaye Dodgson alifahamiana naye vizuri, kilisifika kwa Biblia na vitabu vya wanazuoni. Maoni yangu ni kwamba kupanga matini ndefu bila kosa ni ustadi mmoja, na kuhudumia picha 42 zilizotawanyika kati ya maneno ni ustadi mwingine, na kazi ilipelekwa kwa mabingwa wa ule wa kwanza.

Tukifika hapa mtu anaweza kusema: hadithi ni ileile, maneno hayakuguswa, mtoto gani angejua? Jibu limo ndani ya kitabu chenyewe. Katika sura ya tisa anatokea Gryphon, amelala juani. Mwandishi hamwelezi. Anafungua mabano na kumwambia msomaji kwamba kama hajui Gryphon ni nini, basi atazame picha. Basi. Mabawa, mdomo wa tai, kiwiliwili cha simba, vyote amemwachia Tenniel. Katika sura ya kumi na moja, kesi inaposikilizwa, Mfalme ndiye hakimu na amevaa taji juu ya wigi. Mwandishi anamtuma msomaji arudi kwenye picha ya mwanzo wa kitabu akaone Mfalme alivyofanya. Alice mwenyewe haelezwi sura yake hata kwa aya moja. Gauni lile na aproni ile tunayoijua wote ni kazi ya mchoraji.

Kuna mahali ambapo picha inatangulia maneno. Kwenye karamu ya chai, sura ya saba, kofia ya Mtengeneza Kofia ina kikaratasi kilichoandikwa In this style 10/6, bei ya shilingi kumi na peni sita. Maneno hayo hayamo popote katika matini. Sura nne mbele, mahakamani, Mfalme anamwamuru avue kofia yake, naye anajibu kwamba si yake, kofia zote anazo za kuuza. Mtoto aliyeitazama picha kwa makini anacheka kabla ya mwenzake, kwa sababu ameshaiona bei. Kikaratasi kile ni kidogo kuliko ukucha. Wino ukivimba kidogo tu, tarakimu hazisomeki, na mzaha umekwenda.

Lakini mfano unaonishawishi kuliko yote ni Paka wa Cheshire. Hakuwamo katika mswada wa 1864. Aliongezwa kitabu kilipopanuliwa, pamoja na karamu ya chai. Yuko juu ya mti, anazungumza na Alice, kisha anatoweka pole pole kuanzia ncha ya mkia mpaka tabasamu linabaki peke yake. Tenniel alichora picha mbili za mti uleule, na katika chapa ya Macmillan zinakaa kwenye kurasa mbili za kulia zinazofuatana. Mtoto akigeuza karatasi, paka aliyekuwa mzima anaonekana akifutika. Huo ni mchezo wa mikono na macho, maneno yanausindikiza tu, na wote umesimama juu ya mistari hafifu sana ya picha ya pili. Mpiga chapa akiijaza wino, paka hatoweki. Sura ya sita inabaki na maelezo ya jambo ambalo mtoto haoni likitokea.

Na fasihi hii ya porojo ndivyo ilivyo tangu mwanzo wake. Edward Lear, aliyetoa A Book of Nonsense mwaka 1846, alichora mwenyewe: beti linasema kuna mzee ambaye ndege wamejenga viota ndevuni mwake, na mchoro unawaonyesha bundi, kuku na wenzao wamejikalia. Maneno yanapokataa kuleta maana ya kawaida, picha ndiyo inayomshika mtoto mkono ili asikimbie. Kwa Lear mkono ulikuwa mmoja. Dodgson alihitaji mikono ya watu wanne au watano wasiokaa chumba kimoja, na wa mwisho wao alikuwa mpiga chapa.

Hata tafsiri ya kwanza ya Kiswahili iliyotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1940, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ilikumbana na jambo hilo. Haikutosha kuyaleta maneno tu. Picha nazo zilibadilishwa, na Elisi akawa binti wa Kiafrika. Aliyefanya hivyo alielewa kwamba kwa kitabu hiki huwezi kuhamisha nusu.

Turudi kwenye fedha. Tarehe 2 Agosti 1865 Dodgson aliandika kwamba ameamua: Alice itapigwa chapa upya, na zile 2,000 za mwanzo ziuzwe kama karatasi chakavu. Kisha mwanahisabati akapiga hesabu. Kuchora picha, pauni 138. Kuchonga, 142. Uchapaji mpya kwa Richard Clay wa London, 240. Jalada na matangazo, kwa makadirio, 80. Jumla pauni 600, yaani shilingi sita kwa kila nakala. Nakala 2,000 zikiisha zote angepata pauni 500, hivyo hasara ya pauni 100, na pauni 100 nyingine zimeliwa na chapa iliyokataliwa. Jumla amepoteza pauni 200. Kama nakala 2,000 nyingine zingeuzwa, angerudisha fedha zake, na kuanzia hapo ni faida, jambo ambalo, aliandika, hawezi kulitumainia.

Hesabu hii imenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ujasiri wake, na kweli ni ujasiri. Ila ukiitazama tena utaona kitu kingine. Picha peke yake, kuchora na kuchonga, zilimgharimu pauni 280. Uchapaji mpya wa kitabu kizima ulikuwa 240. Yaani kabla ya herufi hata moja kupangwa alikuwa ameshaweka katika picha fedha nyingi kuliko alizohitaji kukipiga chapa kitabu upya. Kuikubali chapa ya Oxford ili kuokoa 240 kungekuwa kama kununua samaki wa bei ghali sokoni kisha kumwachia moto umuunguze kwa kubania mkaa. Sidai kwamba aliwaza hivyo. Shajara inataja hasara na matumaini madogo tu. Lakini uamuzi wake, hata kwa macho ya mfanyabiashara, haukuwa wa kipumbavu kama unavyosimuliwa.

Kulikuwa pia na gharama ya muda. Alikuwa amekwisha kumlalamikia mchapishaji kwamba rafiki zake wadogo wanakua kwa kasi ya kutisha na kitabu kinachelewa. Alice Liddell alikuwa na miaka kumi siku ya mashua. Kufikia kiangazi cha 1865 alikuwa na kumi na tatu. Kila mwezi wa kuchelewa ulimsogeza mbali na kitabu kilichotungwa kwa ajili yake. Dodgson aliikubali miezi mingine minne.

Aliwaandikia waliopewa zawadi akiwaomba wazirudishe nakala zao, akiahidi kuwapa mpya. Zilizorudi alizitoa kwa hospitali za watoto. Zile karatasi ambazo hazikuwa zimejalidiwa hazikuishia kwa wauza karatasi chakavu. Mwaka 1866 ziliuzwa kwa D. Appleton wa New York, zikawekewa ukurasa mpya wa jina na kuuzwa Marekani.

Sehemu hii sipendi kuifunika. Kitabu ambacho hakikumfaa mtoto wa Oxford kilionekana kinamfaa mtoto aliyelazwa wodini na mtoto wa ng'ambo. Mtu atasema ni heri kitabu chenye wino mzito kuliko kukosa kitabu, na kwa mtoto wa hospitalini nakubali. Kwa soko la Marekani ni vigumu zaidi kumtetea, hasa kwa kuwa alirudia. Mwaka 1889 zilipigwa chapa nakala 10,000 za The Nursery Alice, toleo la watoto wadogo lenye picha za rangi. Aliona rangi zinawaka mno, akazikataa zisiuzwe Uingereza, na Wamarekani wakawa wa kwanza kufikiriwa kuuziwa. Uadilifu wake kwa kazi ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mpaka wa bahari.

Ukiacha hilo, matokeo yalimwendea vizuri kuliko alivyothubutu kuandika. Chapa ya Clay ilitoka Novemba 1865, ikiwa na tarehe ya 1866 kwenye ukurasa wa jina, bei shilingi saba na peni sita, jalada jekundu alilolichagua kwa sababu macho ya watoto yanalipenda. Tarehe 9 Novemba alipata nakala yake na kuandika kwamba ni bora mno kuliko ile ya zamani, kazi kamili ya sanaa ya uchapaji. Miaka kadhaa nyuma mtoto wa mwandishi George MacDonald, Greville, aliyekuwa na miaka sita, alisikia hadithi ikisomwa nyumbani kutoka kwenye mswada akasema anatamani zingekuwako nakala 60,000. Dodgson alipofariki Januari 1898, zilikuwa zimeshapita 150,000. Zile za Oxford za 1865 zilizobaki duniani ni ishirini na kitu tu, nyingi zikiwa katika maktaba kubwa, na mwaka 1998 moja iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 1.54.

Uhusiano wa Dodgson na Tenniel haukutoka salama kabisa. Alipomwomba achore kitabu cha pili, Through the Looking-Glass, Tenniel alikataa kwa kuwa hana nafasi. Dodgson akajaribu wachoraji wengine, hakufanikiwa, akarudi tena kwa Tenniel. Mwaka 1868 Tenniel alikubali kwa sharti la kuchora pale tu atakapopata wasaa, na kitabu kikatoka Desemba 1871. Ile miaka yote ya kungoja Dodgson aliikubali, yeye aliyewahi kulalamika kwamba watoto wanakua upesi, kwa sababu baada ya Julai 1865 hakuwa tena na shaka jicho la nani aliamini. Na mwaka 1893, Tenniel akiwa mzee na Dodgson akiwa amebakiza miaka michache ya kuishi, chapa mpya ya kitabu hicho cha pili ilipotoka na picha mbaya, safari hii mwandishi aliiona kasoro, akasimamisha mauzo na kuwataka walionunua wazirudishe nakala zao.